Mtani Hafutwi

Kutukanwa na Apolonia ni haki yangu. Sikuinunua wala sikuiomba, nimezaliwa nayo. Mimi ni Mzaramo wa Mtoni, yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na tangu enzi za mababu makabila yetu ni watani. Yeye ananiita mvivu, mimi namwita mpagazi, na atakayenuna kati yetu ameuaibisha ukoo wake. Sasa mtu asije na disketi yake mfukoni akaniambia kwamba haki hiyo haina nafasi ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa Mwenge, ghorofani, juu ya duka la rangi. Mwenyewe alikuwa Mzee Khalfani, Mzaramo mwenzangu, mchoraji ramani aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma akaamua kujitegemea. Mwaka ule wa tisini na tano kila mwenye kiwanja Mbweni alitaka ramani ya nyumba, na aliitaka jana. Mzee akatuajiri mimi na Apolonia, akanunua kompyuta moja, na sisi wawili tukaifundisha kuchora.

Tuliifundisha kwa Lisp, lugha ya mabano. Ukiizoea ni tamu. Unaandika kazi ndogo ndogo, na kila kazi inapokea kitu na kurudisha kitu. Ukiipa moja vipimo, inakurudishia ukuta. Kuta ukizipeleka kwa nyingine, unarudishiwa chumba. Vyumba navyo vinakwenda kwenye kazi kubwa, na hapo unapata nyumba nzima na baraza yake. Halafu kuna nukta mkato. Chochote utakachoandika baada ya nukta mkato, mpaka mwisho wa mstari, mashine inakiruka. Hayo huitwa maelezo, maneno ya binadamu kwa binadamu, na humo ndimo tulimoweka utani wetu.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, tulipokezana. Apolonia alikaa asubuhi, mimi nikakaa mchana, umeme ukiwepo. Tulionana mlangoni tu. Nikifungua programu nakuta nimeshatukanwa.

;; Wewe Mzaramo, ngoma zimekulevya? Ukipunguza namba hii, paa litakaa kama kofia ya mlevi.

Nami nikamjibu chini yake:

;; Mpagazi, korido ndefu hivi unapitisha pembe za ndovu? Nimeifupisha. Ikirefuka tena chumba cha nyuma hakitapata mwanga.

Mahali pa choo tuligombana wiki nzima kwa maandishi. Yeye Mkatoliki, alikuwa anaweka choo popote penye nafasi. Mimi nikaandika kazi inayokigeuza, maana wateja wetu wengi ni Waislamu na hawataki kukaa chooni wakielekea kibla wala kukipa mgongo. Mwishowe akakubali, lakini hakukubali kimya kimya:

;; Pembe hii usiiguse hata ukiona haina maana. Mzaramo hata chooni anataka dira. Kibla kiko kaskazini, kwa hiyo choo kitazame mashariki au magharibi.

Ndani ya kila tusi mlikuwa na onyo, na onyo hilo halikuandikwa pengine popote. Yule ambaye angekuja baada yetu angecheka kwanza, halafu angejua pa kutogusa.

Kisha Mzee akapata mbia, kampuni ya nje iliyotaka kununua programu yetu ikauze kwa wachoraji wengine. Mbia akamleta Projestus kuwa msimamizi. Projestus ni Mhaya, msomi, shati limenyooshwa mpaka kwenye kola, na mjinga si mjinga, hilo nampa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpunguza Apolonia. Kompyuta moja, alisema, mtu mmoja. Apolonia akabeba rula zake akarudi kwake Mtoni, akaanza kuchorea watu ramani sebuleni. Mimi nikabaki nikifungua programu kila mchana, na hakuna aliyenitukana. Niliumia kuliko nilivyotegemea.

Kazi ya pili ya Projestus ilikuwa mpangaji, aliyekuja naye kwenye disketi yake. Mpangaji ni programu inayosoma programu nyingine na kuipanga upya: inasogeza mistari, inakata iliyorefuka, inaweka mabano mahali pake. Nyumba inayochorwa haibadiliki, inayobadilika ni sura ya maandishi. Kwa kweli niliipenda. Apolonia alisogeza mistari yake ndani kwa nafasi mbili, mimi kwa nne, na programu yetu ilionekana imeshonwa na mafundi wawili waliokosana. Mpangaji anataka faili la mipangilio, nalo linaandikwa kwa mabano hayo hayo. Projestus alinipa karatasi ya matakwa yake nami nikaanza. Upana wa mstari herufi themanini, sawa. Nafasi mbili badala ya nne, nikameza mate nikakubali, ingawa nilijua Apolonia angeniimbia. Mabano ya kufunga yote yarundikwe mwisho wa mstari, wakati mimi nilizoea kuliwekea kila bano mstari wake. Hata hilo nikaliacha lipite, mabano si dini.

Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: maelezo, futa.

Nikaweka yabaki. Projestus akasoma nyuma ya bega langu.

"Hapo umekosea, Munira."

"Sijakosea. Nimeacha makusudi."

"Weka yafutwe. Programu inakwenda kwa mbia Ijumaa, haiwezi kwenda na matusi."

"Huo ni utani, bwana Projestus. Unajua vizuri."

"Najua. Utani peleka msibani. Hapa ni ofisi."

"Na maonyo yaliyomo?"

"Anayejua Lisp atasoma Lisp."

"Lisp itamwambia choo kimegeuzwa. Kwa nini kimegeuzwa, nani atamwambia?"

Akavuta kiti akaketi karibu yangu, sauti akaishusha kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Sikiliza, sista. Mstari huo naweza kuuandika mwenyewe sasa hivi. Lakini nataka uandike wewe, kwa mkono wako. Ukishindwa, Ijumaa saa nne unakabidhi ufunguo."

Nilikasirika, nikamtafuta Mzee kwa macho. Mzee Khalfani alikuwa mezani kwake, anafuta miwani ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya Projestus, kwa sababu Projestus hajui tulivyoijenga programu ile, Mzee anajua.

Utani peleka msibani. Nilirudi Mtoni neno hilo likinizunguka kichwani, na nilipofika kwa Apolonia lilikuwa limeshageuka kuwa shauri.

"Ijumaa saa nne tunazikwa," nikamwambia.

"Nani kafa?"

"Sie. Wanafuta maneno yetu yote. Yako na yangu."

Alianza kucheka, akaacha. Akaiweka penseli chini.

"Mwenye msiba nani?"

"Mie."

"Basi mtani wako nipo. Mtu hazikwagi bila mtani."

Asiyejua aelewe hapa. Msibani, ndugu wa marehemu wanalia, lakini mtani ana kazi yake. Anamsema marehemu, analia kilio cha uwongo, watu wanacheka na machozi yao usoni. Na akitaka, anazuia jeneza. Analikalia, na haliondoki mpaka akombolewe kwa kitu anachokitaka yeye. Kumfukuza ni aibu isiyofutika.

Ijumaa saa nne kasoro nilikuwa kwenye kiti changu. Wateja wawili walikaa benchini wakingoja ramani zao. Projestus alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Haya, Munira. Andika."

Ndipo kilio kilipoanzia kwenye ngazi.

"Uwii! Wameniulia Mzaramo wangu! Mvivu wa watu! Nani sasa atalala mchana kama si yeye? Nani atakwenda ngomani ameacha ubwabwa jikoni?"

Apolonia akaingia, kanga moja kiunoni, moja kichwani. Akasita mbele ya meza ya Mzee, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mzee. Pole na msiba." Mzee akaitika marahaba kabla hajajua anaitikia nini. Kisha kilio kikaendelea. Akanisukuma nikatoka kwenye kiti, akaketi yeye, akaikumbatia kibodi kifuani.

"Maiti haitoki!"

Mmoja wa wateja akaangua kicheko, mwenzake akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Mama, wewe huna kazi hapa tena," Projestus akasema. "Toka kabla sijamwita mlinzi."

"Mwite! Na yeye aje alie!"

Akamwita. Mlinzi wetu, Mzaramo wa Kisarawe, akachungulia mlangoni, akaona kanga, akasikia kilio. "Mie msiba wa watu siuingilii," akasema, na tukasikia viatu vyake vikishuka.

Projestus akamgeukia Mzee. "Mzee Khalfani, ofisi ni yako. Mtoe."

Mzee akaweka miwani mezani. Akainuka polepole, na kwa mara ya kwanza tangu mbia aje nilimwona amenyooka mgongo.

"Bwana Projestus, umri huu wote sijaona mtani akifukuzwa. Nikimfukuza huyu leo, siku yangu mimi nani atakuja?" Akamgeukia Apolonia. "Mtani, unataka nini ili maiti itoke?"

"Pesa sitaki. Nataka maneno yetu yabaki. Ya kwake huyu mvivu na ya kwangu."

"Umepewa."

"Nitamwandikia mbia," Projestus akasema. "Nitamwandikia kila kitu. Hata ununuzi wenyewe utaharibika."

"Mwandikie," Mzee akajibu. "Kama anataka nyumba zetu, achukue na sababu zake. Munira, kaa kwenye kiti chako."

Apolonia akanipisha, akanirudishia kibodi. Nikalifungua faili la mipangilio. Herufi themanini, nafasi mbili, mabano kama alivyotaka bwana yule. Kwenye maelezo nikaandika yabaki, nikahifadhi. Kisha nikafungua programu yenyewe, nikapanda mpaka juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza.

Projestus alikuwa bado nyuma yangu. Nilimsikia anavyopumua.

"Najua utakachofanya," akasema. "Sasa na mimi mnataka kunitukana humo."

"Siwezi," nikamwambia. "Wewe si mtani wangu."

Nikaweka nukta mkato mbili, nikaandika:

;; Projestus aliamuru maneno haya yafutwe. Tumekataa. Munira na Apolonia.

Aliusoma mstari ule, na akausoma tena.

"Huu ni utani?"

"Hapana," nikasema. "Huu ndio ukweli."

Nikamwita mpangaji, nikabonyeza.