Mkalimani wa Suze

Shirikisho la Mwambato lilikuwa na nchi sita, moja ikiitwa Dundaya na tano zikiitwa ndugu wadogo hata kwenye nyaraka za serikali. Dundaya ndiyo iliyokuwa na bandari, hazina na ule ukumbi wenye kuba la shaba ambamo wakubwa wake walijitandaza kwenye viti vya ngozi wakipiga miayo, huku wajumbe wa ndugu wadogo wakibanana kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, kila mmoja na mkalimani wake nyuma yake, kwa sababu lugha iliyotambuliwa humo ilikuwa Kidundaya peke yake. Neno USAWA lilichongwa juu ya mlango, kwa nje.

Nadule alikuwa mkalimani wa Suze, nchi ndogo kuliko zote, isiyo na kitu ila milima, mbuzi na Ziwa Mbiru. Kwa miaka kumi na mmoja ofisi ya Spika ilimpa karatasi yenye maneno ya mjumbe wake kabla mjumbe hajafumbua kinywa. Mjumbe huyo, Mzee Sefuka, akilalamika, Nadule alisoma shukrani. Spika akitukana, alimnong'oneza mzee salamu. Alijiambia kazi ni kazi, na kila mwaka akazidi kuona haya kwenda kwao.

Siku moja hoja ilikuwa kuchimba mfereji na kuyapeleka maji ya Mbiru kwenye bustani za Dundaya. Sefuka alisimama, akaeleza kwa Kisuze kwamba ziwa limekwisha rudi nyuma hatua mia tatu, na kwamba wanawake wanachota tope. Kisha akamgeukia Nadule.

"Mwanangu, leo waambie nilichosema."

Kumbe mzee alikuwa akijua miaka yote. Nadule alihisi uso ukiwaka moto kwa aibu. Karatasi mkononi mwake ilisema Suze inatoa kwa moyo mkunjufu. Akaiachia, ikaanguka.

"Suze inakataa," alisema kwa Kidundaya.

Spika Bakota alicheka, akamwinamia jirani yake bila kujali nani anasikia. "Sisi tulitaka maji yao tu. Watu ni takataka zilizokuja na maji."

Nadule aliitafsiri kauli hiyo kwa Kisuze neno kwa neno, kwa sauti kamili. Mkalimani wa Pwaje, mmoja wa ndugu wadogo, akasita, kisha naye akamtafsiria mjumbe wake vilevile. Kisha wa Lemba, kisha wengine, mpaka tusi likafika benchi la mwisho likiwa zima. Wajumbe waliinuka, wakaanza kusemezana wao kwa wao kupitia wakalimani wao, kwa lugha tano, wakimpa Spika migongo.

"Wanasema nini?" Bakota alimuuliza Nadule.

Nadule alimtazama Sefuka. Mzee akatikisa kichwa kumkataza.

Bakota akawageukia askari wa mlangoni, vijana wa Lemba waliovishwa sare za Dundaya, ambao walikuwa wamesikia yote.

"Nyinyi, wanasema nini?" alirudia, safari hii taratibu, karibu kwa kubembeleza.

Askari wakamtazama, kisha nao wakampa migongo.