Nyumba Iliyofuata Gari

Saa tatu asubuhi karani wa takwimu aligusa ukuta wa nyumba mpya ya vyumba viwili, akafungua mlango, akaufunga, akatia alama ya vema kwenye fomu. Zamani idara yake ilihesabu nyumba kwa kusoma vibali vya ujenzi, na kibali hakijawahi kumkinga mtu na mvua. Mwaka huu takwimu zilitakiwa ziwe sahihi. Kila nyumba mpya ionwe kwa macho, iguswe kwa mkono, ibandikwe namba mlangoni.

Akabandika moja.

"Taratibu na huo mlango, mwanangu," alisema mshonaji aliyekuwa ndani na cherehani yake. "Bawaba ya juu imelegea."

Kiwanja cha pili kilikuwa kilomita nne mbele. Kilikuwa kimesawazishwa vizuri, lakini kitupu. Dereva alizima gari, wakasubiri. Baada ya robo saa nyumba ilitokea barabarani, ikapisha lori la mchanga, ikaingia kiwanjani na kujikalisha kama kuku anayeatamia. Vumbi likatulia. Karani akagusa ukuta. Ulikuwa na joto kidogo.

"Karibu tena," alisema mshonaji, akitafuta sindano sakafuni.

Karani alimgeukia dereva. "Hii si ile ile?"

"Mimi macho yangu yako barabarani, dada. Bandika namba twende."

Akabandika mbili, juu ya moja. Lakini moyo haukutulia. Kiwanja cha tatu alijaribu bawaba: imelegea. Cha tano alisahau kalamu dirishani makusudi. Cha sita akaikuta, imelala vile vile. Akaanza kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Dereva, ambaye siku zote alijua wasubiri dakika ngapi. Mshonaji, ambaye gauni alilokuwa akishona liliongezeka mkono mmoja kutoka kiwanja hadi kiwanja. Hata fomu aliitilia shaka. Iliuliza: umeiona? umeigusa? ina paa? Haikuuliza popote kama umewahi kuiona kabla.

Jioni alimkuta dada yake akitandika godoro sebuleni kwake, kama alivyofanya kwa miaka mitatu. Pacha wake walikuwa wameshalala, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule.

"Mdogo wangu, mmefikia ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na mimi ni wa thelathini kwenye orodha! Basi tumeshafika."

Karani alifunika kijiguu kilichochomoza nje ya shuka. Kanuni aliijua: nyumba ikishahesabiwa, jina la aliyegawiwa linafutwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Akazima taa bila kumwambia.

Asubuhi alimwendea mkuu wa idara, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia, ila si mbele yake.

"Mkuu, zote ni nyumba moja. Inatufuata."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeigusa?"

"Nimeigusa, lakini..."

"Safu ya 'lakini' iko wapi hapa?"

"Ndiyo naomba tuiongeze. Safu moja tu: umewahi kuiona kabla?"

Mkuu aliweka kikombe chini. "Hivi wewe, nani amekutuma?"

Kwenye kiwanja cha thelathini karani alikataa kutia saini. Alikaa garini, mikono mapajani. Mkuu alitia saini mwenyewe kutoka ofisini, kisha na zile kumi zilizobaki, ili asimsumbue tena. Ripoti ilisifiwa. Kwa mara ya kwanza, ilisemekana, kila nyumba iliyotajwa ilikuwa imeguswa na mkono wa mtu.

Barua zikatoka, na funguo. Dada alilia kwa furaha, akajitwisha godoro, akaenda na wanawe. Alikuta foleni mlangoni. Kila familia ilikuwa na ufunguo wake, na kila ufunguo ulifungua. Nyumba, kwa kuwa hesabu ilikwisha, ilikuwa imetulia mahali pamoja.

Hakuna aliyegombana. Mshonaji aliachiwa kona yake kwa kuwa ndiye namba moja, na wengine wakapanga zamu. Dada alipata Jumatano, saa nane hadi saa kumi.

"Mchana kweupe," alimwambia mdogo wake. "Wengine wamepata alfajiri."

Jumatano ya tatu karani alitumwa kufanya uhakiki. Alimkuta dada yake amefagia, ameogesha pacha, amewalaza chumbani na kufunga pazia. Ilibidi aulize kama ilivyoandikwa.

"Unaishi hapa?"

"Sasa hivi, ndiyo. Sema polepole, ndiyo kwanza wamelala."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Nje, familia ya saa kumi ilikuwa imeshatua mizigo yake na kusubiri kwa adabu. Karani aliandika "Ndiyo, mpaka saa kumi," ingawa kisanduku kilitosha neno la kwanza tu. Kisha akamwinua pacha mmoja bila kumwamsha, na dada yake akamwinua wa pili.