Jiko Lililoruka Paa la Mama Clémence

Mama Clémence, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, anasema jiko letu liliruka. Anasema lilipita juu ya mabati yake na moto nyuma, likazunguka mnara wa kanisa, likarudi kukaa mahali pake kama mtu aliyetoka sokoni. Kuku wake aliyekuwa anaatamia alisimama, akayakataa mayai yake. Na kwa kuwa Mama Clémence anauza samaki wakavu, habari ilishuka mto hadi Isangi ndani ya pirogi za wanaomletea samaki.

Mimi nilikuwepo. Kilichoruka ni kifuniko. Kilifika usawa wa kamba ya nguo, kikaangukia shuka la papa yangu.

Papa yangu, Yunus, anayeyusha alumini kuukuu na kumimina sufuria. Makaa yalipokuwa shida kupatikana, tulitengeneza jiko linalokunywa vidange, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye injini. Papa alichomelea vyuma. Mimi, niliyeishia darasa la sita, niliachiwa kuangalia, maana naweza kukaa mbele ya moto kutwa nzima na nisichoke. Ndivyo nilivyogundua kosa. Vidange tulichukua kwa waosha pikipiki, na bidon zao, madumu ya mafuta, zinakaa wazi chini ya maji ya sabuni. Maji yakishukia chuma chenye moto, pa! Kifuniko kinaenda zake.

Tangu siku hiyo mafuta yanalala kwanza, maji yanajitenga chini, na robine, bomba la kufungulia mafuta, tumeiweka juu ya hayo maji. Halafu natupa tone moja kwenye chuma cha moto. Likilia, bidon inarudi kulala.

Lakini nani wa kuambiwa hayo? Wateja wetu wa Isangi waliacha kuja. Sufuria zilipangana ukutani zinatuangalia. Na Mama Clémence alishafika kwa chef wa avenue, mzee Wenceslas, mkuu wa mtaa wetu, naye akakata maneno:

"Jumamosi nakuja kuona. Jirani akikubali, mutaendelea. Akikataa, hiyo chuma mutauza kilo."

Jumamosi avenue nzima iliingia kwetu. Mama Clémence alikuja na sufuria kichwani, ameivaa kama kofia, masikio yake ndiyo yameizuia.

"Mama, hiyo sufuria ni ya wapi?" papa akauliza.

"Ni yako, Yunus. Ukiniua, uniue na kazi yako mwenyewe!"

Nikawasha. Moto ukanguruma vizuri, wa rangi ya machungwa, bila moshi. Watu wakapiga makofi. Chef hakupiga.

"Bon. Moto ikiwaka, kila mutu iko fundi. Mi nataka kuona siku mumesinzia na imezimika yenyewe."

Papa akaniangalia. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni. Nikafunga tundu la upepo, moto ukafa.

Watu wakarudi nyuma kwa pamoja, mmoja akakanyaga beseni la nguo. Moshi mweupe ukatoka. Mafuta yakaendelea kudondoka, na kwa kuwa hayakuungua tena, sahani ya chuma ndani ya jiko ikajaa, yakapita kwenye mfereji tuliouchonga pembeni, yakaanza kuingia kwenye kopo la tomate linaloning'inia kwenye mkono wa robine. Kopo likiwa zito linavuta mkono, robine inajifunga. Ndivyo tulivyopanga. Lakini kopo lilikuwa halina haraka.

Tone. Tone jingine. Mama Clémence alianza kuomba kwa sauti, halafu akasahau maombi.

"Jaa!" akaliambia kopo. "Jaa basi, kopo yangu!"

"Jaa! Jaa!" avenue ikaitikia, kama timu iko mbele ya goli.

Klak! Mkono ukashuka. Mafuta yakakatika.

Kelele zile! Papa alinibeba kama mtoto mchanga. Chef alicheza hatua za kiuno, kisha akakumbuka kofia ya kazi iko kichwani, akakohoa.

"Alors, Mama Clémence. Unakubali?"

Mama Clémence akanisogelea, sufuria bado kichwani, akanishika kiwiko.

"Aïcha, mutoto yangu," akanong'ona, "jiko iko muzuri, nimeona. Mais mi nimeshaambia Isangi muzima iliruka. Nikikubali leo, nitakuwa mwongo wa soko. Donc mi naitika, na wewe, watu ya Isangi wakikuuliza, useme iliruka. Siyo mpaka kanisa. Paa tu."

Nani wa Isangi atanunua sufuria penye jiko linaloruka paa? Niliuma midomo, kicheko kinanipanda puani. Papa alikuwa ananikazia macho, hajui tunanong'ona nini.

"Mama Clémence!" chef akaita. "Avenue inangojea!"

Alinibana kiwiko zaidi.

"Basi hata nusu ya paa, mutoto yangu. Eh? Nusu tu."