Jibu Lililokwama Njiani

...na asipopokea leo basi, basi kabisa, ataifuta namba yake na maisha yaendelee, alijiambia hivyo huku simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari na mikono bado ina povu la vyombo, na pale kwenye kioo neno lile lile, Inaunganisha, neno aliloliandika yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake, yeye na wenzake wanatengeneza programu ya kupigiana simu za sauti na picha kwa intaneti, na sehemu yake ni ile ya mwanzo kabisa, simu mbili zinapotafutana kabla watu hawajasema halo, huyu apige hodi, yule aitikie... aitikie, mdogo wangu, itikia, hata kwa kunitukana... mama yao alipopooza upande mmoja, mdogo wake, fundi umeme kwenye kambi ya mgodi, alitaka kumchukua akae naye, na yeye akamuuliza, utamlaza wapi, juu ya nyaya?, akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu, kijana wa watu akabeba begi lake, akasema akiwa mlangoni, kaa na akili zako, dada, wala usinitafute, lakini alimtafuta, sana tu, na kule kambini simu ya kawaida haishiki, ni intaneti ya kampuni peke yake, kila akipiga inaita, inaita, halafu, Hakuna majibu, na mama kutoka chumbani, "Bado?", na yeye, "Yuko zamu, mama," zamu gani hiyo isiyoisha, mama hakuuliza, na mama ndiye aliyezidi kuumia... mpaka leo asubuhi kazini, yule dada wa huduma kwa wateja wanayemwita Redio, maana akinong'ona husikika hadi getini, alipoingia na simu mkononi, "Jamani, huyu mama anasema mumewe anapokea, tena anaita halo halo mpaka sauti inamkauka, ila kwake imeandikwa hakuna majibu, nimwambie nini, mumewe kapandwa na jini?", ofisi nzima ikaangua kicheko, naye akacheka, halafu akageuza kiti chake, mumewe anafanya kazi wapi?, aliuliza, na Redio, "Kambini sijui wapi huko," na hapo akaelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga kwamba mtambo wa katikati upeleke hodi tu, kisha ukae pembeni, jibu lirudi lenyewe, simu kwa simu, pasiwe na sikio la tatu, alijisifu kwa hilo kwenye mkutano na watu wakampigia makofi, kumbe kuna mitandao yenye malango makali, ya makambi, ya maofisi, jibu likitoka linagonga lango na kufia hapo hapo, na simu ya mpigaji isiposikia kitu inaandika Hakuna majibu, wakati ilipaswa kusema sijasikia, na hayo ni mambo mawili tofauti, tofauti kama... ah, ameshinda kutwa akirekebisha, jibu likishindwa kupita lenyewe lirudi kwa njia ile ile iliyopeleka hodi, wamejaribu, limepita, programu mpya imeshatoka, ila je, simu ya mdogo wake imeichukua, na kama imeichukua na bado hataki, basi hapo hakuna lango la kusingizia, ni roho ya mtu tu, na hilo halina fundi... "Halo?"

Kioo cheusi, kiduara kinazunguka, picha hamna, lakini sauti, sauti yake na ule ukwaruzo wa tangu utotoni, "Halo... dada?... leo unaongea?", na yeye, "Nini?", "Nasema leo unaongea! Kila ukipiga napokea, kimya, naita halo mpaka wenzangu... wananicheka, nikasema huyu ananipigia... ili aninyamazie tu," alikuwa anapokea, Mungu wangu, mara zote alikuwa anapokea, yeye huku akimlaani na kijana kule anauitia ukimya, "...nikasema nikipiga mimi nitaonekana najipendekeza, unasikia?", anasikia, anacheka na pua inachuruzika na povu limeingia jichoni, "Ilikuwa programu," akasema, "ilikuwa kazi yangu mimi, jibu lako lilikuwa haliji," na kijana kutoka upande wa pili, "Kwa hiyo hukuninunia?", "Wewe je?", "Siku mbili hivi, halafu nikachoka," na mguu wa mama unaburuzwa koridoni, "Nani... huyo?", "Ni yeye, mama!", mama akashika ukingo wa meza, akainamia kile kioo cheusi, "Mbona... hana sura?", "Inakuja, mama, mtandao wao mzito," na kijana kule, "Mama! Umeshaanza kutembea?", na mama kwa ulimi wake mzito, "Mpaka... jikoni," kama mtu aliyevuka nchi, wakacheka wote watatu, kiduara bado kinazunguka, picha bado haijaja, na ije isije, kijana ameshaanza kueleza tena habari ya kitanda, kwamba ameomba chumba cha wenye familia, kina dirisha, mama atakaa vizuri, na yeye ulimi ukamwasha, hoja yake, nani atamwangalia mama ukiwa zamu, ilikuwa tayari na ilikuwa ya kweli kabisa, akaimeza, akavuta kiti mama akae, "Dada, upo?", "Nipo," akasema, "endelea, nakusikiliza."