Vidole Kwenye Kamba ya Aproni

Joto la tanuri lile hupimwa kwa mkono mtupu. Unauingiza hadi kwenye kiwiko, unasubiri, na ngozi yenyewe inakwambia kama ni wakati wa kuweka mikate. Mama Tanuri alianza kazi hiyo wanaume walipopelekwa vitani, na mkono wake wa kulia haukubaki na unywele hata mmoja. Mumewe hakurudi. Aliyerudi, miaka mingi baada ya vita, ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, shingo imeungulia ndani ya gari la deraya.

“Tanuri ni lake sasa,” alisema tajiri, mwenye duka la mikate. “Watu wamemwaga damu, mama.”

“Na mimi je, tajiri?”

“Wewe msaidie mpaka azoee.”

Azoee nini! Mtu kuwasha kiberiti tu hawezi. Mlango wa tanuri ukifunguliwa, shemeji alirudi kinyumenyume hadi ukutani, macho yamemtoka pima. Basi wakapanga yao: yeye akande unga, Mama Tanuri apime na kuoka, tajiri akitokea wabadilishane. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe na watoto watatu, na wote walikula kwa kazi hiyo.

Asubuhi moja tajiri aliingia na mkubwa wa serikali na mpiga picha. Siku ya amani ilikuwa inakaribia.

“Shujaa wetu apime joto, watu waone!”

Shemeji alikuwa amevalishwa nishani yake juu ya aproni. Midomo ilimkauka.

“Shemeji, siwezi,” alinong’ona. “Nawasikia wenzangu humo ndani.”

“Najua. Lakini ukishindwa leo tunafukuzwa wote. Ingiza mkono. Mimi niko nyuma yako.”

Mama Tanuri akachutama nyuma yake, akaishika kamba ya aproni na kuikaza, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea. Shemeji akauingiza mkono. Alitetemeka hadi nishani ikagongagonga kifungo cha shati. Picha ikapigwa. Mkubwa akapiga makofi, wala hakuona kwamba suruali ya shujaa ilikuwa imelowa.

Wageni walipokuwa wakila mikate ya moto, mikate ya Mama Tanuri, tajiri alimvuta pembeni.

“Si umeona? Ameshazoea. Kuanzia kesho pumzika, mama.”

“Tajiri, mbona anayeoka humu ni…”

“Anayeoka ni nani?”

Mama Tanuri akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Akisema, mwenzake naye anatupwa nje, na wale watoto watakula nini? Akavua aproni.

Wiki chache baadaye alipanga foleni dukani kwa tajiri kama wateja wengine. Mikate ilikuwa imeungua nje, ndani mbichi.

“Mikate gani hii jamani?” alilalamika mwanamke wa mbele yake.

“Vumilia, dada,” tajiri alijibu. “Anayeoka ni shujaa wetu.”

Akanyoosha kidole ukutani. Picha ilikuwa imekuzwa, imewekewa fremu: shemeji wima, nishani inang’aa, mkono ndani ya tanuri. Mama Tanuri alitafuta kiunoni mwa shemeji, pale aliposhika kamba. Vidole vyake vilikuwepo, bila shaka, maana nyama ya kiganja ilionekana kidogo pembeni. Juu ya vidole tajiri alikuwa amebandika bei ya mkate.