Hori Tupu la Nyumba ya Korbinian

Kijijini kwao, huko Bavaria, habari husafiri na sahani za biskuti. Kila Jumapili ya Majilio, zile nne kabla ya Krismasi, wanawake walimpelekea Korbinian biskuti, maana ni mjane mwenye watoto wawili, na kila aliyetoka kwake alitoka na neno: jamani, hori la pale halina hata unyasi mmoja!

Desturi ya hori lile dogo la mbao ilikuwa ya marehemu mkewe, Afra, aliyeirithi kwa mama yake. Mtoto akitenda jema, anatia unyasi mmoja horini, ili Mtoto Yesu akizaliwa akute pa kulala. Mwezi wa pili mwaka huo, siku mbili kabla hajafa, Afra alimshika mumewe mkono.

"Hori usiliache, Korbinian. Watoto wangu wasijikulie tu kama kuku."

Naye akaapa.

Sasa Vroni, binti yao wa miaka saba, alimfunga mdogo wake viatu, akaosha vyombo bila kutumwa, lakini akiambiwa atie unyasi alijibu neno moja: "Sitii." Na Vitus wa miaka minne, alichokataa dada, naye alikikataa.

Jumapili ya nne shemeji yake Korbinian, Kreszenz, dada wa Afra, alikuwa anakuja kunywa kahawa, tena na jirani, Bi Ottilie, mwenye mdomo usiolala. Aibu ikamshinda Korbinian. Kabla ya Misa akachota nyasi konzi mbili, akalijaza hori mwenyewe.

"Haya ndiyo mambo!" Bi Ottilie akapiga makofi alipoliona. "Kumbe watoto wema hivi! Na watu walivyo na midomo!"

"Watu gani, Ottilie? Si wewe?" Kreszenz akamchoma.

Walicheka. Vroni akasogea, akachungulia horini.

"Baba, nani katia?"

Korbinian akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Ni wewe, Baba. Umetenda mema mangapi?"

"Mtoto huyu ana ulimi wa hakimu," Bi Ottilie akanong'ona.

Vroni alizitoa nyasi moja moja, akazilaza mezani kati ya vikombe. "Mwaka jana nilitia mia moja na kumi na mbili. Ulisema likijaa, Mtoto Yesu atamponya mama. Lilijaa, Baba. Zingine zilianguka chini."

Bi Ottilie, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata msibani, akaanza kutafuta koti lake.

Korbinian alikumbuka. Aliyasema kwenye korido ya hospitali, kwa kuwa hakuweza kuyatazama macho ya mwanawe. Akapiga magoti sakafuni.

"Yalikuwa maneno yangu mimi. Mama hakuyasema, wala Mungu hakuyasema. Niliogopa, nikakudanganya."

"Kwa hiyo mama angekufa tu?"

"Angekufa tu."

"Hata ningetia elfu?"

"Hata elfu, mwanangu."

Vroni akakunja uso, akafikiri. "Mimi nilidhani nilikosea kuhesabu."

Karibu mwaka mzima! Mtoto huyu alikula, akalala, akaenda shule na mzigo huo, na baba yake yuko nyumba hiyohiyo, akimwita mkaidi.

Siku ya mkesha wa Krismasi, saa kumi na moja jioni, walisimama mbele ya hori. Lilikuwa tupu. Kreszenz akatoa pamba mkobani.

"Hata kidogo tu, shemeji. Mtoto wa Mungu alale kwenye mbao kavu?"

"Alale hivyohivyo."

"Afra angesemaje?"

"Sijui angesemaje. Lakini uongo hatutii tena mle."

Vitus akamlaza horini Mtoto Yesu aliyechongwa kwa mti. Ubao ukalia, ko. Kreszenz akairudisha pamba, akajifuta macho, akaanzisha wimbo. Korbinian alifika ubeti wa pili, akaishia hapo. Shemeji akaendelea peke yake. Vroni hakuimba. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo wake ukamgusa baba mguuni, akabaki ameegemea pale. Korbinian hakuthubutu hata kukohoa.