Linki Iliyofungua Folda Nzima

Pale mahakamani mawakili wenzake walimwita Kufuli, naye hakulikataa jina hilo. Mama yake mzazi aliwahi kumganda mchana kutwa akitaka umbea wa talaka ya jirani, akaambulia patupu. Ndiyo maana fundi cherehani mmoja, aliyemkimbia mumewe mkono ukiwa kwenye plasta na watoto wawili wakimfuata nyuma, alimfungulia moyo wote. Alimweleza alikojificha, shule mpya ya watoto, hata njia anayopita kwenda kazini. Mahakama ilishamkataza mume kumsogelea, lakini kilichomlinda hasa mama yule ni kwamba mume hakujua aliko.

Hayo yote Kufuli aliyaweka kwenye folda moja ya klaudi, ile hifadhi ya mtandaoni ambayo ofisi yao ilihamia baada ya kompyuta kuibiwa. Kazi ilikuwa nyepesi tangu hapo. Ukitaka kumpa mtu hati, unamtumia linki, basi.

Asubuhi hiyo alikuwa hajavua hata koti simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa wakili wa mume, mwenzake wa tangu chuoni, ambaye wote walimwita Suti.

"Dada, jana umenitumia nini?"

"Majibu ya maombi yenu. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Majibu yamo, lakini hayako peke yake. Umenitumia nyumba nzima na ufunguo wake."

Kufuli alikalia kiti cha wageni. Suti alisema ameibonyeza linki muda si mrefu, akakuta ripoti ya daktari, maelezo ya mteja, anwani. Aliponusa tu kwamba si zake, akafunga.

"Asante, kaka. Naizima sasa hivi."

"Ngoja. Nilimrushia mteja wangu linki hiyo jana, kabla sijaifungua mwenyewe."

Kufuli aliinuka kitini. "Yuko wapi sasa?"

"Yule ni mteja wangu. Hilo usiniulize, unajua kwa nini." Suti alishusha pumzi. "Ila ningekuwa wewe, nisingekaa."

Akakata simu.

Kufuli aliizima linki, kisha akatazama kwenye kumbukumbu za folda nani alipita humo. Mgeni asiye na jina alikuwa ameingia jana jioni, akarudi alfajiri. Alichofungua mara ya mwisho ni barua ya shule ya watoto.

Mkuu wa ofisi, mzee aliyemlea kikazi tangu akiwa mwanafunzi, alimkuta akihangaika kutafuta namba ya mteja. Alielezwa, akafunga mlango taratibu.

"Mwambie ahame, mwanangu. Mwambie umesikia fununu. Usitaje folda, usitaje linki. Ukisema imetoka kwetu, umetuzika sote."

"Akiambiwa fununu atamaliza kwanza kushona gauni la mtu, mzee. Anatakiwa ajue kwamba yule bwana ameisoma barua ya shule."

"Unajitia kitanzi."

"Siri ni yake. Lazima ajue kwamba imevuja, tena imevuja kutoka mkononi mwangu."

Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, na safari hii akasikia mlio wa cherehani, kisha sauti ya mteja wake.

"Dada yangu, nisikilize, usinikatize. Nimekosea. Nilituma karatasi zako mahali pasipostahili, na mumeo ameziona. Anajua nyumba na anajua shule."

Cherehani ilinyamaza. 

"Wanangu wako shule," mama yule alisema. "Wakili, wanangu wako shule!"

Kufuli alishuka ngazi mbiombio, akakodi teksi. Njiani aliwapigia polisi, akawasomea amri ya mahakama neno kwa neno. Kisha akampigia mwalimu mkuu na kumwomba asimkabidhi mtu yeyote watoto wale isipokuwa mama yao, na asubiri nao mlango wa nyuma. Alipofika kwenye kibanda cha fundi, mama yule alikuwa barabarani tayari, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliingia kwenye teksi, akafunga mlango, hakumsalimia Kufuli.

Walipokaribia shule walimwona mume getini. Alikuwa amevaa shati lililonyooshwa vizuri, anacheka na mlinzi kama mtu aliyefuata wanawe kwa wema. Dereva alielekezwa azungukie nyuma, upande wa jiko, ambako mwalimu mkuu alikuwa amesimama na watoto wote wawili, mabegi mgongoni.

Sauti ya mume ilivuka ukuta. "Mimi ni baba yao! Nani wa kunizuia?"

Yule mdogo aligeuza kichwa, akafumbua mdomo kuita. Mama alimziba kwa kiganja, akamkumbatia, wakaingia kwenye gari kwa kuinama. Dereva hakuhitaji kuambiwa. Walipotokea barabara kubwa, gari la polisi lilikuwa linakata kona kwenda getini.

Mume alilala mahabusu, na mama na wanawe wakapelekwa kwenye nyumba ya hifadhi ambayo hata Kufuli hakuambiwa ilipo. Hakuuliza. Aliiandikia mamlaka ya kulinda taarifa za watu, na chama cha mawakili pia, akataja kosa na mwenye kosa. Mkuu wa ofisi alipita mlangoni kwake siku kadhaa bila kugeuza shingo.

Kisha mama yule alikuja, ameandamana na wakili mwingine.

"Nimekuja kuchukua mambo yangu," alisema. "Ungenificha ukweli, leo sijui ningekuwa na nani. Lakini nikikuona tu, nasikia ile sauti ya getini."

"Una haki, dada."

Kufuli alimkabidhi wakili mpya kila kitu. Kisha akamgeuzia mama yule kompyuta, akafuta folda, halafu akafungua pipa la taka la mtandaoni na kufuta humo pia.

"Hakuna pengine?"

"Hakuna."

"Nionyeshe tena."

Kufuli akamsogezea kiti, wakaanza upya kutoka mwanzo, polepole.